Maneno ya Kumrî Kwenye Seng'enge

Siku nilipoletwa mjini Nisêbîn kama bibi harusi, mimi niliingia ndani na cherehani yangu ikabaki nje. Baba yangu alikuwa ameinunua mjini Qoser, nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, imefungwa utepe mwekundu. Kaka zangu wawili waliishusha garini wakitokwa jasho. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo nini?"

"Cherehani, mama. Ya bibi harusi," kaka mkubwa akasema, akitabasamu.

"Irudisheni."

"Mama, ni zawadi ya baba yetu kwa…"

"Bibi harusi nimempokea, karibu, hapa ni kwake. Hilo lidude lirudi lilikotoka. Likivuka kizingiti hiki, mimi natoka."

Wageni walicheka kwanza, kisha wakaona hatanii. Cherehani ikapandishwa tena garini na utepe wake, na mimi nikakaa kwenye kiti cha bibi harusi nikilia chini ya shela kwa aibu. Sebrî, mume wangu, akaniinamia sikioni: "Hediye, usimchukie. Nitakueleza."

Huyo ndiye Kumrî, mama mkwe wangu. Picha yake wengi wetu tunaijua: mwanamke wa kitambaa cheupe ameshika waya, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mimi nimeishi naye nyumba moja zaidi ya miaka ishirini. Nimempikia, amenifokea, amenilelea watoto. Nilichokiona kwenye ile picha sicho wanachokiona wengine.

Kumrî alizaliwa kwenye mtaa unaogusa reli. Kwetu reli ndiyo mpaka wa nchi mbili. Upande huu tunauita Juu ya Mstari, upande ule Chini ya Mstari, na zamani ukipanda darini uliona nguo zilizoanikwa Qamişlo, mji wa upande ule, ukaweza kusema nani kafua leo na nani kaamka na uvivu. Kaburi la babu yake lilikuwa kule, na mashamba yake pia. Walizaliwa watatu: Kumrî, akafuata Terfa, na mwisho Nayif, ambaye mama yao alifariki siku chache baada ya kumzaa. Kumrî ndiye aliyembeba huyo mtoto mgongoni mpaka akajua kukimbia. Terfa aliolewa Chini ya Mstari na binamu yao. Hakupelekwa kwa ngoma wala gari. Alivushwa kwa miguu, akimfuata hatua kwa hatua mtu aliyejua pa kukanyaga, maana ardhi ya katikati ilikuwa imetegwa mabomu.

Wakati ule karibu kila nyumba ya mtaa ilikuwa na mtu wa magendo. Baba yao hakutaka. Alimshikisha Nayif Msahafu, akamwapisha kwamba hatavusha kitu chochote, hata kopo la chai. Nayif akaapa. Kisha msimu mmoja wa kupukutika majani akaja nyumbani na kichwa cha cherehani.

"Terfa ameniagiza," akamwambia baba. "Anataka ashone nguo za watoto. Nampelekea hii tu, narudi."

Kwa ajili ya dada mtu, baba akalainika. "Mara moja, halafu basi."

Kumrî mwenyewe ndiye aliyekivingirisha kichwa cha cherehani kwenye blanketi na kumfunga Nayif mgongoni, kwa fundo lile lile alilokuwa akimfungia alipokuwa mtoto. Alfajiri bomu likalia. Kwetu bomu likilia, kila nyumba inahesabu wanaume wake kabla mtu hajafungua kinywa. Adhuhuri wanajeshi wakawaruhusu Kumrî na baba yake wasogee kutazama. Alichokisimulia maisha yake yote ni gurudumu la cherehani. Lilikuwa limesimama kwenye tope kama mtu kaliweka, zima, halina hata mkwaruzo. "Nayif hakubaki mzima," alikuwa akisema, "gurudumu likabaki zima."

Kuanzia siku ile alishona kwa mkono. Shuka, suruali za mumewe, nguo za wanawe, zote kwa sindano, mpaka vidole vikawa na sugu kama visigino. Na jina la Terfa halikutajwa tena. Terfa alikuwa akituma salamu, kwa madereva, kwa mahujaji waliokutana Makka. Mwaka mmoja alituma kitambaa cha kichwa cha hariri nyeusi. Kumrî akakipokea, akashukuru aliyekileta, akakifanya tambara la kufutia jiko.

Baadaye sana, watoto wangu wakiwa wadogo, ikawa siku za Idi wanajeshi wa pande zote mbili wanawaacha watu wasogee kwenye seng'enge kwa saa chache, waonane kwa macho na kurushiana peremende. Mtaa mzima ulikuwa ukienda. Kumrî hakwenda. Alibaki nyumbani akisugua masufuria.

Ndipo akaja Ferzende. Alikuwa kijana wa mji wa Amed, mwembamba, sigara haikauki mdomoni, aliwahi kusoma na mume wangu. Alikuja na kamera na mwenzake wa kushika kipaza sauti, akaomba alale kwetu.

"Natengeneza filamu, mama," akamwambia Kumrî. "Filamu ya ukweli, si ya kuigiza. Juu ya watu wetu waliokatwa na mpaka."

"Ya ukweli? Basi kaa ule kwanza. Huo ukweli haujakunenepesha hata kidogo."

Alimpenda. Alikuwa akimwekea vipande vya nyama chini ya mchele ili mwenzake asione. Naye alimfuata kila mahali na kamera yake, akimpiga picha anakanda unga wa kiliçe, zile biskuti zetu za Idi, anabandika mikate kwenye tanuri, anagombana na kuku. Na Kumrî akamsimulia yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikileta chai, nilisikia kwa masikio yangu. Alimweleza habari za cherehani, za fundo la blanketi, za gurudumu.

"Ndugu yangu aliuawa na tamaa ya dada yangu," akasema akiitazama kamera sawasawa.

"Na bomu, mama?" Ferzende akauliza taratibu. "Nani alilitega?"

"Bomu ni bomu, mwanangu. Lilikuwa limelala zake. Bomu halikumwita Nayif. Terfa ndiye aliyemwita."

Ferzende akavuta sigara hadi mwisho. "Idi hii twende kwenye seng'enge, mama."

Tulidhani atamfukuza. Kumrî akajifuta unga mikononi, akasema, "Twende. Nina neno nataka nimwambie, na nataka nimwone usoni nikilisema."

Siku ya Idi vumbi lilikuwa limejaa hewani. Watu walikuwa wamebanana kwenye waya, kila mtu anaita jina lake, na huku juu ya vichwa zinapita peremende, soksi, pakiti za sigara. Mimi nilikuwa nyuma ya Kumrî, mtoto wangu wa mwisho mkononi. Upande wa pili wakaja wasichana wawili wamemshika mwanamke mnene, anatembea kwa shida. Aliposimama akavuta ncha ya kitambaa akajifunika mdomo.

"Yule pale," Kumrî akasema. Akawasukuma watu kwa viwiko mpaka akafika mbele, akaushika waya kwa mikono miwili.

"Terfa! We Terfa!"

"Dada!" Yule mwanamke akainua mkono. "Dada yangu! Dada!"

"Cherehani inashona?"

Terfa akaweka mkono sikioni.

"Nakuuliza, inashona vizuri? Umewashonea wanao nguo ngapi? Ulizifua kwanza damu ya Nayif, au mlivaa hivyo hivyo?"

Alikuwa akiutikisa waya kwa nguvu zake zote, miiba imemwingia viganjani, hajali. Waliokuwa karibu walikuwa wanapigia kelele watu wao, hakuna aliyemsikiliza. Ferzende alikuwa amepiga goti mbele yake, kamera inatazama uso. Nikaona mkono wa Terfa unashuka polepole. Kisha wanajeshi wakapiga filimbi, watu wakaanza kurudi nyuma.

Nyumbani Kumrî alinawa mikono bombani, maji yakawa mekundu. "Nimepumua," akasema. Jioni ile alikula vizuri, akaongeza sahani.

Filamu ikaonyeshwa kwetu mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wa harusi, shuka jeupe limetandazwa ukutani. Watu walisimama hadi kwenye ngazi. Kumrî alikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya, mimi pembeni yake. Alicheka alipojiona anagombana na kuku. Kisha ikaja picha ya Nayif, ile ya kitambulisho, imekuzwa, na chini yake maandishi. Kumrî hakujua kusoma.

"Imeandikwa nini?"

Nikasoma kwa sauti ya chini: "Nayif. Alikufa kwa hamu ya kumwona dada yake."

"Soma vizuri, wewe."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Kabla hajasema kitu ikaja seng'enge. Sauti zote zilikuwa zimeondolewa. Alikuwa akiimba mwanamke mmoja tu, peke yake bila chombo, sauti ya kukata maini. Na mdomo wa Kumrî, mkubwa kama mlango, ukawa unafunguka na kufumbika kimya kimya ukutani, mikono imeshika waya, damu inashuka. Maandishi yakapita chini.

"Na hapo?"

"Dada yangu, nimekukosa. Dada yangu, nikushike mkono."

Ukumbi ulikuwa unalia. Nimeona wanaume ambao hawakulia makaburini kwa baba zao, siku ile wanajipangusa kwa mikono ya makoti. Kumrî akanigeukia. "Sauti yangu iko wapi?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyeificha.

Taa zikawashwa, wakamwita mbele, wakampa kipaza sauti. Makofi yalichukua muda kutulia.

"Mimi nilikuwa namtukana," akasema.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana wanamjua na ulimi wake. "Kumrî ni Kumrî tu!" mtu akapaza sauti.

"Nasema kweli. Sikumwambia nimekukosa. Nilimtukana!"

Makofi yakazidi. Wengine wakasimama.

Nyumbani Ferzende alikuja kumbusu mkono, Kumrî akaukunja nyuma ya mgongo.

"Uliniambia filamu ya ukweli."

"Mama, mikono yako si kweli? Damu yako si kweli?"

"Maneno yangu je?"

Ferzende akakaa chini sakafuni, mbele yake. Sikumwona kama mtu mwovu, na mpaka leo simwoni hivyo. "Mama, nisikilize. Tangu babu zetu tunaambiwa kwamba nyinyi wa huku ni watu wengine na wale wa kule ni watu wengine. Leo umeuona ukumbi. Umelia kama nyumba moja. Nikiyaweka matusi yako, watasema nini? Watasema hawa, hata waya ukiondolewa, watauana kwa ajili ya cherehani."

"Kwa hiyo umeniziba mdomo nisikuaibishe."

"Usituaibishe sote, mama."

"Na Nayif? Nayif hakuwa na hamu na mtu. Alikuwa mtoto aliyetwishwa mzigo. Nani kakupa ruhusa ya kumpa kifo kingine?"

"Mama, basi," mume wangu akaingilia. Yeye alikuwa amelia ukumbini kuliko wote. "Filamu ni nzuri. Acha."

Ferzende akaondoka asubuhi. Kumrî hakutoka kumuaga, lakini aliniambia nimfungie mikate.

Baada ya hapo hatukupumzika. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta, kwenye kalenda, wanafunzi wakawa wanakuja kutoka Amed na mbali zaidi kumbusu mkono na kuona makovu. Siku ya Newroz, mwaka mpya wetu, anawekewa kiti mbele ya moto. Jirani yetu Bi Şemsê alikuwa akimwita kutoka darini:

"Nyota wetu! Leo unalia saa ngapi, tuje kutazama?"

"Njoo na kiti chako, Şemsê, maana makalio hayo vya kwangu havitayaweza!"

Mwanzoni kila mgeni alimwambia: nilikuwa namtukana. Wageni walitabasamu, wakaandika kwamba bibi huyu hajapoteza ucheshi wake pamoja na machungu yote. Akachoka. Akawa ananyamaza. Na nitakuwa mwongo nikisema hakuupenda ule upendo wa watu. Aliupenda. Mjane wa mtaa wa reli, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake, sasa wasichana wa chuo wanamshikia kiatu avae.

Kuna jambo lingine lililotokea polepole. Tulikuwa na ile filamu nyumbani. Mchana, wanaume wakitoka, alikuwa akimwambia mwanangu amwekee, na ikifika pale Terfa anainua mkono, anamwambia asimamishe. Anakaa anatazama.

"Amezeeka," anasema. "Tazama, meno ya mbele yamekwisha. Anatembea kama marehemu mama."

Siku nyingine: "Hicho kitambaa alichovaa si chake. Ameazima. Terfa hapendi kijani."

Mwaka mmoja, karibu na Idi, nikamkuta ameoka kiliçe sinia baada ya sinia. "Mama, hizi zote za nani?"

"Za kurusha," akasema, bila kunitazama.

Lakini mwaka ule vita vilikuwa vimeshaanza Chini ya Mstari, na siku ya Idi wanajeshi hawakumruhusu mtu kusogea. Tulisimama na wengine mbali na waya mpaka jua likawa kali, tukarudi na mifuko yetu. Kiliçe watoto walizila mpaka zikawa ngumu, zilizobaki nikawapa kuku.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa rika langu, matope hadi magotini, na watoto watatu nyuma yake.

"Mimi ni Rewşen, binti Terfa," akasema. "Nyumba nimeijua kwa kuiona kwenye filamu."

Kumrî alimvuta ndani kwa shingo, akamnusa kama mtu anavyonusa mtoto mchanga. "Mama yako yuko wapi?"

"Tumemzika wakati wa baridi, mama mkubwa. Figo. Ile mashine ya kusafisha damu ilikosa umeme."

Kumrî akakaa pale pale mlangoni. Hakupiga ukelele. Alishika viatu vya mtoto mmoja akaanza kuvikwangua tope kwa kucha.

Walikaa nasi. Siku moja nilikuwa naziba suruali ya mtoto wa Rewşen kwa sindano, naye akacheka: "Jamani, nyumba kubwa hivi hamna cherehani?"

Nikakohoa. Kumrî alikuwa anachambua dengu. "Angekuwa hai ungemuuliza mama yako," akasema, "aliyeiagiza."

"Aliyeagiza nini?"

"Cherehani. Aliyombebesha Nayif."

Rewşen akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mama hakuwa anajua hata kutunga uzi, mama mkubwa. Nguo zetu zote alishona jirani. Mama aagize cherehani ya nini?"

Kumrî akaacha dengu.

"Mjomba Nayif alikuwa anavusha vichwa vya cherehani," Rewşen akasema. Alidhani anasema jambo linalojulikana. "Baba alikuwa anaviuza sokoni. Ile haikuwa ya kwanza. Alikuwa amempenda binti mmoja wa kule kwetu, anakusanya mahari. Hamkujua?"

"Alishika Msahafu," Kumrî akasema. "Aliapa."

"Ndiyo maana akasingizia ya mama."

Kumrî akauliza, sauti yake imekuwa ndogo: "Siku ile ya Idi. Alinisikia?"

"Kila neno."

"Na mbona hakunijibu? Mbona hakutuma hata mtu mmoja aje aniambie, we mwanamke, mimi sikuagiza kitu?"

"Tulimwambia, 'Mama, mtumie mtu umweleze.' Akasema, nikimweleza atajua kwamba Nayif alimdanganya baba, akafa na kiapo cha uongo shingoni. Akasema, kama lazima awe na mtu wa kumchukia, anichukie mimi, mimi si niko mbali."

"Alisema kwa kunihurumia?"

"Hapana, mama mkubwa. Alisema kwa hasira. Alikuwa ameshika kikombe, akakirusha."

"Na filamu? Aliiona?"

"Tuliiona kwenye televisheni. Majirani walijaa nyumbani na peremende. Wakamwambia, hongera, una dada anayekupenda hivyo."

"Akasema nini?"

"Akasema, ndiyo, huyo ndiye dada yangu. Akazipokea peremende."

"Aliacha salamu kwangu?"

Rewşen akatikisa kichwa. Hakuacha.

Wiki ile Kumrî hakula chakula cha maana. Kisha akamwagiza Sebrî ampigie simu Ferzende, ambaye alikuwa ameshahamia Ubelgiji. Tulikuwa wote sebuleni, simu iko juu ya mto.

"Rekebisha ile filamu," akamwambia. "Nayif alikuwa anatafuta mahari. Terfa hakuwa na kosa. Mimi nilimtukana bure. Weka hivyo."

"Mama, filamu imeshatoka mikononi mwangu. Iko kila mahali, kwenye kila simu. Hata nikitengeneza nyingine, watu wataitazama ile ile."

"Wewe ndiye uliyeandika maneno yale. Yafute."

"Hayafutiki, mama."

Basi akanivuta mimi. Tukaenda kwenye chumba cha mikutano cha vijana wa mtaa, ambako picha ya Nayif ilikuwa imetundikwa pamoja na za watu wengine waliouawa na mpaka. Kijana aliyekuwa pale akaruka kumbusu mkono.

"Andikeni ukweli hapo chini," Kumrî akamwambia. "Andikeni, alikuwa anavusha cherehani apate mahari ya kuolea."

Yule kijana akanitazama kuomba msaada. "Mama, hayo ni mambo ya nyumbani kwenu. Nayif sasa ni wetu sote."

"Wenu sote? Ulimbeba wewe? Nepi zake ulifua wewe? Mimi sijamgawa."

"Mama, kaa. Nikuletee chai."

Akaleta chai, kwa heshima, vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Kumrî akainywa, kwa sababu alikuwa amechoka na tulikuwa tumetembea mbali. Tukarudi. Picha ikabaki na maandishi yake.

Rewşen akapata njia ya kwenda Ujerumani na watoto. Aliondoka na ile filamu kwenye simu yake, awaonyeshe wanawe wakikua. Ukuta wa zege ukajengwa pale penye seng'enge, na ukipanda darini sasa unaona zege na mbingu. Kumrî akaacha kupokea wageni. Wanafunzi wakija alikuwa anageukia ukutani, nao wakiondoka walikuwa wananong'ona kwamba uchungu wa dada yake umemmaliza. Mwaka mmoja walikuja watu wengine na kamera, wakampiga picha mgongo. Sijui waliandika nini chini yake.

Alifariki mwezi wa tatu. Turubai la msiba lilijaa, watu wakaja kutoka miji ambayo yeye hakuwahi kufika. Mzungumzaji akasimama akasema amekwenda kukutana na dada aliyemkosa maisha yake yote. Wanaume wakainamisha vichwa. Sebrî alinitazama kwa mbali, nikaelewa anachoniomba, nikaendelea kugawa kahawa chungu.

Ferzende akapiga simu. Alikuwa analia kweli, hawezi kumaliza sentensi. Nikatoka nayo nje, nikamweleza yote ya Rewşen, hata kikombe, hata peremende. Kisha akasema, "Dada Hediye, umemwambia mtu mwingine?"

"Bado."

"Usiseme kwanza. Leo si siku yake."

Nikamrudishia mume wangu simu, nikaingia kwa wanawake. Mbolezi ilikuwa imeshaanza. Mwanamke wa kulia, yule tunayemwita kwenye misiba yote, alikuwa akiyumba mbele na nyuma na kuimba habari za dada wawili, mmoja juu na mmoja chini, wanaitana kutwa kucha na upepo unakula majina yao. Kila mwanamke pale ndani alikuwa na mtu wake kule. Bi Şemsê alikuwa anajipiga kifuani kwa ngumi. Nilikaa pembeni yake nikiwa nimekaza meno, maana mimi najua, mimi nilikuwa nyuma ya Kumrî siku ile kwenye waya. Nikakaza, nikakaza. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe imepanda, nawalilia wale dada wawili waliopendana, nalia kuliko wote.